Mwalimu Amerudi Kanga

Tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza habari za Mafia, nami nimekuwa nikijibu "nzuri" na kuingia ndani. Nisameheni. Habari yenyewe haisimuliki mtu akiwa amesimama mlangoni, tena kuna sehemu yake inayoniaibisha. Leo nimekaa niiandike yote, ili wote muipate sawasawa.

Wengi wenu mlimjua Kulwa, pacha wangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kanga. Mliotuona pamoja mnakumbuka mlivyokuwa mkituchanganya. Hata baba alikuwa akitaja majina yote mawili, Kulwa na Doto, kisha anasubiri aone nani ataitika. Kulwa alifariki wakati wa masika, kwa homa iliyomshika siku tatu tu. Mvua zilikuwa kubwa, bahari imechafuka, vyombo havivuki. Wakamzika hukohuko kisiwani, Kilindoni. Sikuuona mwili wake. Kwa miezi saba kichwa changu kilikuwa kimekubali kwamba amekufa, lakini mwili wangu ulikataa, na ukakataa pia kulala. Nikitoka zamu ya usiku hospitalini nilikuwa najilaza mchana kutwa nikiyatazama mabati.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Siku yake ya mwisho alinipigia simu, saa kumi jioni. Nilikuwa nimelala, najiandaa na zamu. Niliamka, nikaliona jina lake, nikaigeuza simu kifudifudi. Nilijiambia nitampigia nikiamka.

Kanisani mliniombea, mkaniambia nimwachie Mungu. Niliitikia amina. Sikujua mtu anaachiaje. Ndipo nikaamua kwenda kuona alikoishi na alikozikwa.

Nyamisati: kusubiri maji

Boti ya kwenda Mafia huondokea Nyamisati, na Nyamisati maji ndiyo yanayoamua. Nilifika asubuhi mapema nikakuta yamekupwa, boti imekaa kwenye tope kama ng'ombe aliyechoka, mizizi ya mikoko imebaki wazi. Abiria tukaambiwa tusubiri. Nikanunua mihogo ya kuchemsha na samaki wa kukaanga, nikakaa kwenye benchi kibandani.

Mzee mmoja mwenye kofia ya kiua alikuja moja kwa moja mpaka pale nilipo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha, akaketi karibu yangu kama mtu anayenijua siku zote. Jina lake nililijua baadaye, Mzee Shomari. Alikuwa anatoka kwa binti yake bara, alikokaa karibu mwaka mzima akitibiwa macho, habari za nyumbani zikimfikia nusunusu, na sasa alikuwa anaona vizuri na kila anachokiona kinampendeza.

"Mwalimu," akasema, "mara ya mwisho nilisikia unaumwa sana."

Nilielewa papo hapo alidhani mimi ni nani. Ilitosha kusema maneno matano tu: mimi siye, yule alikwisha kufariki. Lakini yule mzee alikuwa ananitazama kwa furaha ya kumwona Kulwa mzima, na mimi sikuwa nimeiona furaha hiyo usoni mwa mtu yeyote kwa miezi saba. Nikasema, "Nimepona."

Hiyo ndiyo sehemu inayoniaibisha. Na nikiwa mkweli kwenu, neno lile lilikuwa tamu kulitamka. Tukazungumza. Aliniuliza kama bado naishi kwa Bi Zuhura, mwenye nyumba aliyopanga Kulwa, nikasema ndiyo. Aliniuliza kama wajukuu zake wanafanya vizuri darasani, nikasema wanajitahidi. Niliitikia kwa sauti ya Kulwa, kwa kuinamisha kichwa kama Kulwa.

Maji yalipoanza kupanda alitoa simu akapiga nyumbani kwake Kanga. Alikuwa anazungumza kwa sauti kubwa kama wazee wengi wakiwa na simu. Akamwambia mkewe kwamba anakuja, na kwamba yuko na mwalimu hapahapa. "Mwalimu gani? Kulwa. Amepona, amekonda kidogo tu."

Kisha ikawa zamu ya mkewe kusema. Alisikiliza kwa muda mrefu. Polepole akageuza uso akanitazama, kwanza usoni, kisha miguuni. Akaitia simu mfukoni bila kuaga, akachukua mkoba wake, akaenda kukaa mwisho kabisa wa kibanda. Mpaka tunafika Kilindoni hakugeuka tena upande wangu.

Ningeweza kumfuata na kumweleza. Sikumfuata. Niliona haya, na haya ikanifanya nikae kimya, na kimya changu kikawa ushahidi dhidi yangu.

Baharini: weupe

Boti ilipita taratibu kati ya mikoko, halafu tukatoka nje. Hakukuwa na upepo, hakukuwa na mvua, lakini mbingu na bahari zilikuwa na rangi moja, nyeupe ya maziwa yaliyotiwa maji, na sikuweza kuona wapi moja inaishia na nyingine inaanzia. Baada ya saa moja hivi nahodha akapunguza mwendo, kisha mashine ikazimwa. Ilisemekana mbele kuna fungu la mchanga, tunangoja maji yaongezeke. Tukakaa pale, juu ya weupe, chini ya weupe.

Watu waliokuwa wakipiga soga wakashusha sauti, kisha wakaacha kabisa. Niligundua kwamba benchi langu limebaki na mtu mmoja, ambaye ni mimi. Mama mmoja aliyekuwa karibu nami alikuwa amemhamisha mwanawe mchanga hadi bega la pili, kisha akahama na yeye. Nyuma yangu mtu alikuwa anasoma dua kwa sauti ya chini, bila kupumzika. Sikuhitaji kuambiwa kwamba habari ilikuwa imezunguka boti nzima.

Niliinuka nikaenda dirishani. Mle kwenye kioo alikuwepo Kulwa, amevaa kitambaa changu cha kichwani.

Nikamwambia pole. Midomo yake ilitikisika pamoja na yangu, nikajua ni mimi. Lakini sikuondoka. Nilisimama pale nikingoja nione kama atafanya jambo lolote ambalo mimi sijalifanya. Sijui nilingoja kwa muda gani. Nilipojaribu kusali, nilikuta hata jina la kuanzia nimelikosa, sikujua nimwambie Mungu ni nani anayesema.

Mashine ikawashwa, kioo kikatetemeka, na sote wawili tukapotea humo.

Kilindoni mpaka Baleni

Kilindoni nilikula wali na mchuzi wa pweza katika hoteli ya karibu na soko. Nilikula kidogo. Mhudumu hakuwa na habari yoyote, alinichekea na kuniongezea mchuzi, na wema wake ulikaribia kuniliza.

Nje nilimpata mwendesha bodaboda, mwanamume wa makamo mwenye mvi ndevuni, mwenyeji wa Baleni. Nikamwambia nakwenda Kanga kwa Bi Zuhura. Njiani alinionyesha mashamba ya minazi na mihogo, akanieleza lipi la nani na nani ana kesi na nani. Alikuwa msemaji mzuri. Tulipofika Baleni simu yake ikaita, akasimama kando kuipokea. Aliniacha nimeketi kwenye pikipiki, akaenda hatua kama ishirini. Aliporudi hakusema lolote kuhusu minazi.

"Dada," akasema, akiangalia usukani, "unakwenda kwa Bi Zuhura kama nani?"

Nikamwambia nakwenda kumsalimu. Hilo nalo lilikuwa jibu baya. Alipaswa kuambiwa "kama ndugu wa marehemu", na neno marehemu lilikuwa bado halijawahi kutoka kinywani mwangu.

Tuliendelea, kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai. Kilomita mbili kabla ya kijiji akasimama. Akasema pikipiki imegoma. Mashine ilikuwa bado inanguruma chini yetu wakati anasema hivyo. Sote wawili tuliisikia. Akaongeza kwa upole kwamba ana watoto wadogo, akaniteremshia mkoba wangu, akageuza.

Kwa miguu kuingia Kanga

Ilikuwa karibu saa tisa alasiri, jua kali, na barabara ya mchanga ikipita katikati ya minazi. Mbali mbele nilisikia kinu kikitwangwa. Nilifurahi, nikajua watu wapo. Nilipoikaribia nyumba ile, kinu kilinyamaza. Nilikikuta uani, mchi umesimama ndani yake, mchele umetwangwa nusu. Hakuna mtu.

Nyumba ya pili mihogo ilikuwa imeanikwa juu ya mkeka, na kuku wameingia wanaila, hakuna wa kuwafukuza. Ya tatu moto ulikuwa unawaka chini ya chungu na chungu kinafurika, maji yakilia juu ya makaa. Redio ilikuwa inatoa taarifa ya habari kwenye baraza tupu. Nilibisha hodi. Nilisikia pumzi za watu nyuma ya mlango, wengi, wamejibana, na mtoto aliyezibwa mdomo. Nikasema, "Mimi ni mgeni." Hakuna aliyenikaribisha.

Jamani, nimefanya kazi na wagonjwa na maiti kwa miaka kumi na minne, siogopi kwa urahisi. Lakini kuogopwa ni kitu kingine. Kila mlango uliofungwa ulinipunguza kidogo. Kufikia katikati ya kijiji nilijikuta nashika kifundo cha mkono wangu kutafuta mapigo.

Shule ilikuwa upande wa kulia, na ilinibidi nipite mbele ya madirisha yake. Darasa la sita walikuwa wamebaki kwa masomo ya jioni, mwalimu wao hayupo pale. Walikuwa zaidi ya thelathini, wote wamegeuza nyuso dirishani, kimya. Nilipofika usawa wao wakasimama kwa pamoja, madawati yakagonga, wakasema kwa sauti moja, ile ya kuvuta ya darasani, "Shikamoo, mwalimu."

Nikasimama. Msichana mmoja mbele alikuwa analia huku bado amenyoosha mikono ubavuni kama walivyofundishwa. Hapo ndipo niliona nilichowafanyia. Watoto hawa walikuwa wameshamlilia mwalimu wao mara moja.

"Marahaba," nikasema. "Mimi siye mwalimu Kulwa. Mwalimu Kulwa alifariki. Mimi ni mdogo wake, tumezaliwa siku moja."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema. Yule msichana alikaa, na mmoja mmoja wakakaa. Nilikwenda zangu.

Nyumbani kwa Bi Zuhura

Mlango mmoja tu ulikuwa wazi Kanga nzima. Mama mwenye umri kama wa mama yangu alikuwa amesimama katikati yake, amejifunga kanga mbili, mikono mitupu. Nilimwamkia, hakuitika. Akaniambia nisogee, nisimame juani. Alikitazama kivuli changu, akatazama nyayo zangu kwenye mchanga, kisha akanishika mkono wa kushoto na kulikunja shati mpaka kwenye kiwiko. Akakigeuza kiwiko huku na huku.

Kulwa alikuwa na kovu la kuungua uji pale. Mimi sina.

"Doto," akasema.

Akaketi kizingitini, akalia huku bado amenishika mkono. Nikaketi karibu naye. Alipotulia alipaza sauti kuelekea nyumba za jirani, akawaambia watoke, ni ndugu yake mwalimu, ni mtu na damu. Milango ikaanza kufunguka. Watu walikuja mmoja mmoja kunipa pole ya msiba, kwa aibu, wengine wakinigusa begani ili wahakikishe. Mzee Shomari naye alikuja. Nilimwomba radhi mbele ya wote. Aliniambia kosa ni la macho yake mapya, lakini sote tulijua kosa ni la nani, na alinisamehe.

Bi Zuhura alinipa mkate wa kumimina na chai ya mchaichai, akanipeleka katika chumba cha Kulwa. Kitanda, meza, rundo la madaftari ambayo hakumaliza kuyasahihisha. Nikamwuliza nililokuwa nikiogopa kuliuliza. Nilitaka kujua kama alikufa akihangaika, akiita mtu asiyekuja.

Bi Zuhura hakuwa na haraka. Alinieleza kwamba siku ile maji yalikuwa yamekata barabara, gari la kumpeleka hospitali Kilindoni limetafutwa tangu asubuhi na halijapatikana. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi hapo ukingoni mwa kitanda, akimkanda kwa maji. Saa kumi Kulwa aliomba simu, akanipigia, ikaita mpaka ikakata.

"Nikamwambia apige tena," Bi Zuhura akasema. "Akakataa. Akasema, 'Mwache alale, Bi Zuhura. Anafanya kazi usiku. Mimi siko peke yangu.'"

Nilishindwa kumtazama.

"Nikadhani ananisema mimi," akaendelea. "Lakini hakunitazama mimi, mwanangu. Alitazama upande huu wa pili, ukutani, pasipokuwa na mtu. Na alitazama kama unavyomtazama mtu aliyeingia, umemjua, umefurahi. Mimi nina dini yangu na yeye ana yake, na sitakuongopea. Niliogopa. Nywele zilinisimama. Lakini nilisogea, nikaacha nafasi."

Kila jioni, aliniambia, alikuwa akimsikia Kulwa kupitia ukuta huu akisali sala fupi, ileile: Baba, siku yangu imeisha, mengine ni yako. Siku ile aliisema mapema, kabla jua halijatua. Akalala. Gari lilipofika alikuwa amekwisha kwenda, mkono chini ya shavu.

Nilimwuliza Kulwa alikuwa anatazama wapi. Akanionyesha. Nilikaa kwa muda nikipatazama mahali pale, ukuta wa chokaa wenye ufa mmoja. Sikuona kitu, na sikuhisi kitu isipokuwa uchovu, uchovu wa miezi saba ukishuka wote kwa mara moja. Nilikuwa nimekuja nikiamini nilimwacha dada yangu bila mtu. Alikuwa ametunzwa, wakati mimi nimelala na wakati bahari imefungwa. Kutunzwa kwake hakukuwa kumetegemea simu yangu. Nililia kwa sababu jambo hilo lilikuwa linanidhalilisha na kunipumzisha kwa pamoja.

Bi Zuhura akaniambia nijinyooshe kidogo. Nikavua viatu. Nakumbuka nilisema, "Baba, mengine ni yako," kwa kujaribu tu, kama mtu anayejaribu gauni la mwenzake. Jua lilikuwa bado liko dirishani. Nilipofumbua macho ilikuwa asubuhi, jua limehamia upande wa pili wa nyumba, jogoo wanawika, na Bi Zuhura amekaa mlangoni anachambua mchele. Alisema alikuja mara tatu kuweka kiganja mbele ya pua yangu.

Kilindoni tena: makaburini

Asubuhi hiyo tulikwenda naye Kilindoni kwa basi dogo. Njiani alinieleza mazishi. Wakristo wa pale ni wachache, watumishi wa serikali na walimu waliotoka bara, na mvua ilikuwa imewazuia wengi. Waliochimba kaburi walikuwa wavuvi wa Kanga, wazazi wa wanafunzi wake. Walichimba maji yakiwafika magotini, kisha wakasimama pembeni kwa heshima mpaka nyimbo zikaisha.

Makaburi yako nyuma ya minazi, mahali pa mchanga mweupe. Bi Zuhura alitangulia. Nilimwona amesimama ghafla mbele ya msalaba wa mbao, kisha akageuka upesi kama anayetaka kunizuia. Nilikuwa nimeshafika.

Msalaba ulikuwa umeandikwa MWL. DOTO.

Bi Zuhura hakujua kusoma maandishi hayo vizuri, lakini jina lile alilijua kwa umbo lake. Alilitambua kutoka kwenye simu ya Kulwa, ndilo lililokuwa juu kabisa siku ile. Polepole tukaelewa. Msalaba ulichongwa baada ya mazishi; seremala alipouliza jina, mtu aliyekuwa na simu alitazama jina lile la mwisho, akadhani ni la mwenye simu, akamwandikia. Pale Kilindoni kila mtu alikuwa akimwita Mwalimu tu.

Kwa hiyo nikasimama mbele ya kaburi langu. Kulikuwa kimya. Hata minazi ilikuwa haitikisiki. Nilingoja hofu ije. Ile ya kwenye kioo, ile ya njiani Kanga, niliijua inavyoanza. Nilingoja na haikuja. Nilifikiri kwamba siku moja ubao kama huu utakuwa sahihi, na siku hiyo pia kutakuwa na mtu anayehangaika kutafuta gari, na simu isiyopokelewa, na mimi nitakuwa katika mikono ileile iliyompokea huyu. Watu walikuwa wamekosea jina. Aliyemwita hakukosea.

"Unaogopa, mwanangu?" Bi Zuhura akauliza.

Nikamwambia hapana, na nilishangaa kusikia ni kweli.

Tulikwenda sokoni tukaomba kopo la rangi nyeusi na brashi kwa mtu anayeandika vibao vya maduka. Alitaka kuja kuandika mwenyewe. Nikamwambia jina hili nitaliandika mimi. Nilipiga magoti mchangani, Bi Zuhura akishika kopo. Nilikwangua jina langu kwa kisu mpaka mbao ikaonekana, nikaandika herufi za Kulwa moja baada ya nyingine, kubwa, zimepinda kidogo kwa sababu macho yalikuwa yamejaa.

Boti ya kurudi bara ilikuwa inangoja maji. Hatukuwa na haraka. Tuliketi pale kila mtu akiomba kwa namna yake, mpaka rangi ikakauka.